Mnyama wa Chonge wa Bonde la Ruhuhu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wazazi, vijana na watoto wa shule huko Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila pale mvua ilipopiga mabati hata msemaji akalazimika kurudia maneno yake, tumeyaandika mara moja tu.)

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana na watoto mlioketi mbele: nimeitwa hapa kwa sababu ya ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa picha. Mtoto mmoja wa mtaa huu alirudi nyumbani kutoka shule akiwa na picha aliyoichora kwa kalamu ya risasi. Alichora mnyama mwenye mwili mrefu kama wa simba asiye na manyoya ya shingoni, mkia mzito, na meno mawili ya juu yaliyoshuka kama majambia. Chini yake akaandika kwamba mnyama huyu ni ndugu wa jadi zetu. Babu yake alipoyasoma maneno hayo akauliza, "Jadi za nani?" Mtoto akajibu, "Zetu sote, Babu." Hapo mzee akakasirika. Akasema yeye hawezi kutoa fedha za ada, alizozipata kwa jasho lake, ili mjukuu wake afundishwe kuwatukana waliomzaa. Picha ikawekwa juu ya kabati, na tangu siku ile mtoto hakufungua tena kitabu kile. Mama yake ndiye aliyekuja kwangu, akaniomba niyaeleze mambo haya hadharani, kwa kuwa nyumbani kila mmoja amekwisha kusema neno ambalo ni vigumu kulirudisha.

Mzee wetu yupo hapa, ameketi pale karibu na mlango, naye ameniruhusu niyataje haya bila ya jina lake. Namshukuru. Swali lake ni swali la maana, nami nitalijibu kadiri niwezavyo.

Kwanza yafaa tujue tunasema habari za wakati gani. Neno "milioni" ni jepesi mdomoni, lakini moyo haulioni. Wengi wenu mmesafiri kwenda Mombasa. Basi na tufanye kwamba barabara ile, iliyo kiasi cha kilomita 480, ndiyo miaka milioni 252, nasi twaondoka hapa Mukuru kwa miguu tukirudi nyuma katika wakati. Kila kilomita moja ni zaidi kidogo ya miaka nusu milioni. Mtu wa umbo kama letu amekuwapo duniani kiasi cha miaka laki tatu. Kwa hiyo hata kilomita ya kwanza haijatimia, na wanadamu wote pamoja na vita vyao na falme zao wamekwisha kubaki nyuma yetu. Tukikaribia Mlolongo twaona moto na majivu: ni wakati wa volkano zilizotapika mawe haya ya kijivu mnayoyaona katika machimbo ya upande huu wa Nairobi. Tukifika Emali twawakuta dinosari wa mwisho, waliokufa miaka milioni 66 iliyopita. Twasafiri pamoja na dinosari hao Mtito Andei, Voi, Mackinnon Road, hata karibu na Mariakani ndipo twawaacha wale wa kwanza kabisa. Na yule mnyama wa picha bado hatujamfikia! Twashuka Mazeras, twapita Changamwe, twaingia kisiwani, na pale maji ya bahari kuu yanapoanza ndipo tumkutapo, naye ni wa mwisho wa kabila lake. Wazazi wa kabila hilo wako mbali zaidi, ndani ya bahari.

Wataalamu humwita gorgonopsia. Jina hilo lilitokana na Mwingereza Richard Owen, aliyempa wa kwanza wao jina la Gorgonops mwaka 1876, kutokana na fuvu lililopatikana Afrika Kusini. Gorgoni, katika hadithi za Wayunani wa kale, alikuwa jini la kike ambaye mtu akimtazama usoni hugeuka jiwe. Hapa, bila shaka, aliyegeuka jiwe ni jini mwenyewe.

Walikuwako wadogo wenye kimo cha mbwa, na wakubwa waliokaribia dubu. Yule mkubwa aitwaye Inostrancevia alikuwa na urefu wa mita tatu hivi tangu pua hata mkia. Fuvu lake, katika wale waliochimbuliwa Urusi, lilipita nusu mita, na jino lake la chonge, pamoja na sehemu iliyozama ndani ya taya, lilikaribia sentimita 15. Kingo za chonge zile zilikuwa na meno-meno madogo kama ya msumeno au ya kisu cha kukatia mkate. Taya lake liliweza kufunguka sana, maana mwenye majambia mdomoni hana budi kuyapa nafasi ya kutoka kabla hajayatumia. Tena alikuwa na neema ambayo simba hana: jino likivunjika, jipya lilikuwa likiota kando yake. Simba wa mbuga ile iliyo ng'ambo ya barabara ya Mombasa akivunjika chonge ukubwani, amevunjika.

Mawindo yake yalikuwa wanyama wengi wala-majani walioitwa disinodonti. Hao walikuwa na mdomo mgumu kama wa kobe, na wengi wao walikuwa na pembe mbili ndogo zilizochomoza kila upande wa mdomo. Katika mawe ya wakati huo wao ndio wanaopatikana kwa wingi kuliko wote, kama vile leo mtu awezavyo kuona nyumbu mia kabla hajaona simba mmoja.

Sasa, mahali. Kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni kama jino la namna hii laweza kupatikana katika machimbo ya hapa, na kama likipatikana lina bei gani. Mawe ya hapa hayawezi kuwa nalo. Yalitoka katika moto, tena ni machanga mno. Tumekwisha kuyaona karibu na Mlolongo. Hapa Kenya, mawe yanayokaribia umri wa mnyama huyu yako katika nchi ya Waduruma, Taru na Maji ya Chumvi, na huko wamepatikana samaki wa kale. Ama kuhusu bei, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yasema kwamba vitu kama hivyo ni mali ya taifa, na aliyevigundua yampasa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiache kazi yako.

Nchi yake hasa, kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki, ni kusini ya Tanzania. Uko mto uitwao Ruhuhu, ushukao kutoka nyanda za juu na kuingia katika Ziwa Nyasa. Ninyi mwajua kwamba "mukuru" kwa Kikikuyu ni bonde au korongo. Basi lile nalo ni mukuru, ila kubwa sana, na maji yamekata kingo zake hata mawe ya zamani yakawa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mpima miamba wa serikali ya Tanganyika aitwaye Stockley alikuwa akichunguza makaa ya mawe ya bonde hilo, akakuta mifupa iliyogeuka jiwe. Mwaka 1933 akaja Bwana Parrington wa Cambridge, akaokota mingi. Katika miaka hiyohiyo Bwana Nowack naye akakusanya mingine, nayo ikapelekwa Tübingen, ambako Profesa von Huene aliandika habari za gorgonopsia zake mwaka 1950. Mwaka 1963 ukaja msafara mwingine kutoka London. Katika bonde lile moja wamepatikana gorgonopsia wa namna kadha wa kadha, miongoni mwao Rubidgea, ambaye ni mashuhuri Afrika Kusini.

Yako jambo moja lililowashangaza wataalamu karibuni. Yule Inostrancevia kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni mnyama wa Urusi tu, kwa kuwa mifupa yake ilichimbuliwa huko, kando ya mto Dvina wa Kaskazini. Lakini mwaka 2023 ilitangazwa kwamba amepatikana Afrika Kusini, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba amo pia katika mawe ya Ruhuhu. Gorgonopsia wengi wana meno matano ya mbele kila upande wa taya la juu, lakini huyu ana manne, na hiyo ni mojawapo ya alama zimtambulishazo. Mtauliza, mnyama wa nchi kavu alivukaje kutoka Urusi hata Tanzania? Hakuvuka kitu. Katika siku zile mabara yote yalikuwa yameungana kuwa nchi moja, na mwenye miguu na subira, pamoja na vizazi vya kutosha, aliweza kufika.

Nageukia sasa swali la mzee: jadi za nani?

Nawaomba kila mmoja apitishe ulimi juu ya meno yake ya juu. Mbele mna meno ya kukatia. Kisha pembeni, kila upande, mna jino moja lenye ncha, ndilo chonge. Nyuma yake ni magego. Mamba hana mpango huo; meno yake yote karibu ni ya namna moja tangu mbele hata nyuma. Mjusi wa ukutani ni hivyohivyo. Lakini mbwa anao, ng'ombe anao ingawa umebadilika, popo anao, na ninyi mnao. Gorgonopsia naye alikuwa nao: ya kukatia mbele, chonge pembeni, na madogo nyuma. Tena nyuma ya jicho, fuvu lake lilikuwa na tundu moja kila upande ambalo misuli ya taya ilipita, na alama hiyo ndiyo ya ukoo wetu sisi tunaonyonyesha. Dinosari wana matundu mawili. Kwa hiyo wale wamwitao dinosari wamekosea, kama amkosaye mtu kabila kwa sababu ya kofia aliyoivaa.

Iko alama nyingine, nayo kwangu ni ya ajabu kuliko meno. Taya lenu la chini ni mfupa mmoja kila upande. La gorgonopsia lilikuwa limeunganishwa kwa mifupa kadhaa, na bawaba yake ilikuwa ya mifupa miwili ya nyuma. Katika ndugu zake waliofuata, mfupa wenye meno ulizidi kukua, na ile ya nyuma ikazidi kupungua, hata bawaba ikahamia mahali pengine. Je, mifupa miwili ile ilikwenda wapi? Imo ndani ya masikio yenu. Ndiyo ile iitwayo nyundo na fuawe, mifupa midogo kama punje za mchele, ipokeayo sauti kutoka katika ngoma ya sikio. Daktari Mjerumani aitwaye Reichert aliliona jambo hili mwaka 1837 alipokuwa akichunguza watoto wa nguruwe ambao hawajazaliwa: aliona kwamba mifupa ya sikio huanza kuumbika pamoja na taya, kisha hujitenga. Mtoto wa binadamu tumboni mwa mama yake hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hata hivi sasa, mnaposikiliza maneno yangu na mvua hii, mnasikiliza kwa mifupa ambayo zamani ilikuwa ikitafunia.

Lakini, mzee wangu, sikiliza neno hili, maana ndilo lililokuumiza. Gorgonopsia si babu wa mtu yeyote. Mjukuu wako hakuandika "babu"; aliandika "ndugu wa jadi zetu," na maneno hayo ni sahihi. Katika ukoo wowote huwapo ami mmoja mwenye nguvu, mwenye jina, aliyetisha majirani, akafa asiache mtoto. Huyo hamumkani kuwa wa ukoo, lakini hakuna awezaye kusema nimezaliwa naye. Ndivyo alivyo huyu mwenye chonge. Aliyeacha kizazi ni mwingine, mdogo sana, aliyeishi siku zilezile katika bonde lilelile la Ruhuhu. Mabaki yake nayo yamepatikana huko. Jina lake Procynosuchus, wa jamii ya sinodonti. Ukimweka kando ya gorgonopsia mkubwa ni kama kumweka nguchiro kando ya simba. Wala hata yeye sitasema kwamba ndiye babu mwenyewe hasa. Lakini katika jamii yake ndimo walimotoka wote wanyonyeshao.

Na kuhusu kutukana waliotuzaa: mimi pia nina wazee, nami nisingekubali watukanwe. Kitabu kile chasema habari za mifupa. Hakisemi ni nani aliyempa mtu roho na haya na heshima, wala mawe ya Ruhuhu hayakuulizwa jambo hilo.

Mtauliza, mwenye nguvu alikufaje, na mdogo akabakije? Miaka milioni 252 iliyopita, huko Siberia, ardhi ilipasuka na mawe ya moto yakamwagika, si kwa siku moja bali kwa maelfu na maelfu ya miaka, yakafunika nchi kubwa mno. Moto ule ulipita katika tabaka za makaa ya mawe chini ya ardhi, ukayaunguza. Hewa ikajaa moshi na gesi, dunia ikapata joto kali, mvua ikawa na asidi, na maji ya bahari yakapungukiwa na hewa ya kuvutia pumzi. Inakadiriwa kwamba baharini, katika kila aina kumi za viumbe, nane au tisa zilitoweka. Nchi kavu nayo ikawa tupu kwa namna isiyopata kuonekana tena baadaye, hata siku ya kufa kwa dinosari. Disinodonti wengi wakafa. Na mwenye kula disinodonti, chonge zake zilimfaa nini? Kadiri kinywa kilivyokuwa kikubwa, ndivyo njaa ilivyokuwa kubwa. Gorgonopsia walikwisha wote, wakubwa kwa wadogo.

Sinodonti wachache wakapita. Walikuwa wadogo, waliridhika na chakula kidogo, na baadhi yao walikaa mashimoni. Huko Afrika Kusini amechimbuliwa mmoja aitwaye Thrinaxodon, wa muda mfupi baada ya maangamizi yale, akiwa amejikunja ndani ya shimo lake kama mbwa alalaye. Nimeiona picha yake mara nyingi, na kila mara hunijia fikira kwamba nikimgusa ataamka.

Nataka niseme jambo moja zaidi kwa ajili ya vijana. Nimetaja majina ya Waingereza na Wajerumani, nanyi mmenyamaza, lakini nimewaona mkitazamana. Je, hao walibeba mifupa peke yao? La. Watu wa Ruhuhu waliwaonyesha njia, walichimba, walibeba mizigo mizito, na katika vitabu vya safari zile majina yao wengi hayamo. Mifupa ikaenda Cambridge, Tübingen na London. Mwaka 2022 wataalamu walipotangaza mnyama mwingine wa bonde lile, aliyechimbuliwa na msafara wa mwaka 1963, mwenye fuvu lililopita sentimita 75, walimpa jina la Kiswahili: Mambawakale. Nao wakaeleza wazi kwamba wamefanya hivyo kwa heshima ya Watanzania ambao kazi yao iliufanikisha msafara ule na majina yao hayakutajwa. Jina halimrudishii mtu ujira wake. Lakini sasa, mahali popote duniani, profesa amtajaye mnyama yule hana budi kusema "mamba wa kale" kwa lugha hii ninayosema nanyi. Na mifupa iliyochimbuliwa Ruhuhu katika miaka ya karibuni, pamoja na ya gorgonopsia, imeandikwa katika daftari la Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, Dar es Salaam.

Mvua imepungua. Mama wa mtoto ameileta ile picha iliyokuwa juu ya kabati, nami nimekuja na picha za mafuvu mawili, la mkubwa na la mdogo, zilizopigwa kwa vipimo vyao. Nitaziweka zote tatu juu ya meza hii karibu na taa. Yamkini mtaona kwamba msanii wetu alisahau meno ya mbele. Ayahesabu mwenyewe, kisha aamue kama mnyama wake ni wa matano au wa manne. Watoto watasubiri kidogo. Mzee wangu, nakuomba utangulie.